BUSTANI NA VIWANJA VYA MJI WETU

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu ya usiku wasiweze kuhudhuria.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya bustani na viwanja vya Kisiwa hiki cha Mombasa, na tumekwisha kusikia watu wakinong'ona huko nyuma: chama ni cha mishahara na nyumba, maua yametokea wapi? Swali hilo ni la haki, na tutaanza nalo. Mfanya kazi anayelala na mkewe na watoto wanne katika chumba kimoja hana ua wala sebule. Tajiri akitaka kupunga upepo hufungua mlango wa nyuma akaingia katika bustani yake mwenyewe. Sisi tukitoka kazini na jasho, na nyumbani mabati yamewaka moto, twaenda wapi? Twaenda chini ya mti wa watu wote, kama upo. Kwa hiyo kivuli cha mji ni sehemu ya nyumba ya mfanya kazi, nasi twakihesabu pamoja na kodi na maji.

Tena kuna jambo la pili ambalo vijana wengi hawakuambiwa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waliacha kazi mji mzima: watu wa bandarini, watu wa reli, wa hoteli, na watumishi wa majumbani, watu kama 15,000. Hawakuwa na afisi wala ukumbi. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira huko Majengo, ambao watu waliuita Kiembeni. Hapo ndipo walipopashana habari, na hapo ndipo lilipopata nguvu shirikisho la wafanya kazi aliloliongoza Chege Kibachia. Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akahamishwa mbali, lakini baraza la Jaji Thacker liliundwa kusikiliza madai, na mishahara ikaongezwa. Basi fikirini: kama uwanja ule ungalikuwa umejengwa maghala, watu 15,000 wangalikutana wapi? Leo Katiba ya 2010 yatupa haki ya kukutana kwa amani, lakini haki hiyo yahitaji mahali pa kusimama.

Sasa tutazame tulicho nacho. Hatutavitaja viwanja vyote.

Barabara ya Moi, iliyokuwa ikiitwa Kilindini Road, ina Bustani ya Uhuru, karibu na yale Mapembe ambayo kila mgeni hupigwa picha chini yake. Wengi hudhani Mapembe ni ya kale sana. Yaliwekwa mara ya kwanza 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na haya ya bati yakasimamishwa 1956 alipokuja Binti Mfalme Margaret. Mji ulijua kutumia fedha upesi wageni wakubwa walipokuja! Upande wa Mji wa Kale kuna bustani ya Treasury Square, yenye sanamu ya Allidina Visram, yule mfanya biashara ambaye maduka yake yaliifuata reli mpaka Uganda. Babu zetu wa kazi walipita upande huo huo wa mji kwa njia nyingine, maana kabla ya motokaa kuenea kulikuwa na toroli juu ya vijireli vyembamba, na wenyeji wa mji ndio walioyasukuma kwa mikono huku bwana amekaa chini ya mwavuli. Hiyo nayo ilikuwa reli, ingawa haimo katika picha za kujivunia.

Ndani ya Mji wa Kale penyewe nafasi ni haba. Nyumba zimeshikana, vichochoro ni vyembamba, na baraza za mawe mbele ya milango ndizo viti vya mji. Hapo panafaa sana kwa kahawa na mazungumzo, lakini mtoto mwenye mpira hana pa kwenda ila uwazi ulio mbele ya Fort Jesus na kando ya bahari. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mawe yake yana walinzi na vitabu vya kuyaeleza. Kivuli kilicho nje yake, ambapo akina mama hukaa jioni na watoto, chastahili kutunzwa kwa bidii iyo hiyo.

Halafu kuna ufuo wa kusini, Mama Ngina, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Azania Drive, kwenye mibuyu mikubwa na meli zikipita karibu kuingia Kilindini. Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliufungua upya baada ya Serikali Kuu kuutengeneza kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 460. Njia za miguu zilitandazwa, ukuta na taa zikawekwa, na mahali pa michezo ya jukwaani pakajengwa. Twasema wazi kuwa ilikuwa kazi ya maana. Familia ya mfanya kazi yaweza kukaa pale Jumapili nzima kwa bei ya mihogo na dafu.

Lakini sisi ni watu wa reli, na watu wa reli twajua jambo ambalo wakubwa wengi hulisahau. Siku ya kufungua njia mpya kuna utepe, bendi na hotuba. Siku ya pili yake huja genge la njia, mnyapara na watu wake, na nyundo na kokoto, wakaze misumari na kuinua mataruma yaliyozama, na kazi hiyo haina mwisho. Ikikosekana mwaka mmoja, garimoshi huanguka. Bustani ni vivyo hivyo. Bajeti ya kujenga huonekana katika gazeti. Bajeti ya bomba, ufagio, balbu na mshahara wa mtunza bustani haionekani na mtu, na hiyo ndiyo bustani yenyewe.

Kuna mahali pamoja kisiwani, jina tuliache, ambapo tulikwenda na watoto wetu tukakuta bomba limekauka, choo kimefungwa kwa kufuli, na taa tatu kati ya nne hazina moto. Takataka zilikuwa zimerundikana chini ya mti, na kunguru, ambao Mombasa hatuna haja ya kuwatafuta, walikuwa wakizichambua. Tulipouliza katika afisi moja tuliambiwa kuwa ni kazi ya afisi nyingine. Katika ile nyingine tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Ndugu zetu, hata kama barua yetu ingalijibiwa, mama hawezi kukaa saa kumi na mbili jioni mahali pasipo taa wala choo, na bustani ambayo mama hawezi kukaa ni bustani ya walevi.

Basi ni kazi ya nani? Katika Katiba, Jedwali la Nne, bustani, fuo na mahali pa mapumziko vimetajwa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo hapa ni Kaunti ya Mombasa. Pale ambapo Serikali Kuu imejenga, au pale ambapo ni milki ya Makumbusho ya Taifa, ni lazima waketi pamoja waandike nani alipe maji na nani amlipe mfagizi. Sisi wananchi tuonyeshwe karatasi hiyo. Hatuna ugomvi juu ya jina la mwenye kulipa. Tunachotaka ni kwamba awe mmoja anayejulikana, na jina la afisi yake libandikwe langoni.

Sasa juu ya kupanda. Hapa tutakaa kidogo, maana fedha nyingi hupotea hapa. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe na udongo wake ni kiasi cha kiganja. Mipango ya bustani huja na nyasi za ukoka, maua ya kigeni na chemchemi ya maji ya kuruka, kana kwamba sisi tunaishi London. Nyasi hizo hutaka maji kila siku katika mji ambao nyumba nyingi hazipati maji kila siku. Zikishaota, huwekwa kibao: USIKANYAGE NYASI. Basi zimepandwa kwa ajili ya nani? Sisi twapendelea miti ya kivuli: mwarobaini unaokua upesi na kuvumilia kiangazi, mkungu wenye matawi mapana, mkwaju, mwembe. Shimo lichimbwe kwa mtaimbo ndani ya mwamba, lijazwe udongo na samadi, na mche upandwe masika yanapoanza, ili Mungu amwagilie miezi ya kwanza badala ya lori. Wale waliosoma shule za misheni kama sisi mwajua kazi hiyo, maana bustani ya shule ililimwa na kila mtoto aliyechelewa kengele.

Asiyeamini kuwa mwamba waweza kuota na avuke Nyali aende Bamburi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mawe matupu na maji ya chumvi. Miti mingi ilikufa, lakini mivinje ilishika. Kisha akaleta majongoo. Majongoo wakala majani makavu ya mivinje, na kinyesi chao kikawa udongo, na leo ni msitu. Hapo pana kiingilio, kwa hiyo hatusemi tuige kila kitu. Twasema tu kwamba wafagizi wetu huyachoma majani makavu ambayo yangalikuwa mbolea ya bure.

Tuna neno pia juu ya wauza mihogo, wauza madafu, viazi karai, achari na kahawa. Kila mara bustani ikitengenezwa, wa kwanza kufukuzwa ni hao. Wakati wa ujenzi wa Mama Ngina iliwabidi kuhama. Hao ni wafanya kazi kama sisi, na wengi ni wake zetu na mama zetu. Wenzetu wa Unguja walitengenezewa Forodhani, ikafunguliwa tena 2009 kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, na wachoma mishikaki hawakufutwa: walipangiwa mahali pao, na jioni wageni na wenyeji huwafuata wao. Muuzaji aliye na mahali pake palipoandikwa atapafagia mwenyewe na atamjua mwizi kabla ya polisi. Chama chetu kiseme hivyo bila kuona haya.

Na jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Uwanja usiotunzwa huitwa "kiwanja kitupu", na kiwanja kitupu hupata mwenyewe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria katika nchi nzima, na viwanja vya michezo na vya mapumziko vikiwamo. Kwanza ukuta huanguka, kisha malori huegeshwa kwa muda, kisha huja bati la kuzungushia, na siku moja kuna karatasi ya umilikaji. Mwaka 1989 hata Uhuru Park ya Nairobi ilikaribia kupandishwa jumba la orofa 60. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila mkubwa, alitukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Yeye alikuwa mtu mmoja na wenzake wachache. Sisi tuna tawi zima.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo haya. Sheria yataka kaunti ipeleke makadirio ya fedha katika bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi wasikilizwe. Mikutano hiyo hufanywa mchana siku za kazi, na ndiyo maana hujaa watu wasio na kazi ya zamu. Tupeleke watu wanne, wawili wao wanawake. Wadai kifungu cha kutunza kitengwe mbali na kifungu cha kujenga, na kionyeshe maji, taa, vyoo visivyotozwa watoto, na mishahara ya watunza bustani walioandikwa kazi ya kudumu, maana vibarua wa miezi mitatu huondoka wakiwa wamejua tu mahali bomba lilipo. Wadai pia orodha ya viwanja vyote vya umma vya kisiwani pamoja na mipaka yake iliyopimwa. Sisi tuliobaki tutatembea kila kiwanja kilicho karibu na makazi yetu, tuhesabu miti, mabomba na taa zinazowaka, tuandike katika daftari, ili wajumbe wetu wasiende na maneno matupu.

Daftari liko kwa Katibu, na penseli imefungwa kwa uzi kwa sababu mwajuana. Kila atakayejiandikisha ataje uwanja atakaoukagua na zamu yake ya wiki ijayo. Majengo na Tononoka zimekwisha kupata watu. Mji wa Kale bado, nao wahitaji mtu anayeongea vizuri na wazee wa baraza. Twangoja majina mpaka Ijumaa.