Wanayofundishwa Watoto Wetu Vyuoni
Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Habari za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina, nasi hatutazirudia. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya neno moja lililowasumbua wengi mwaka huu, nalo ni hili: watoto wetu wanafundishwa nini huko vyuoni?

Neno hili lilizuka siku ile ya kugawa msaada wa karo. Mzee mmoja alisimama akasema ya kuwa chama kinatoa fedha ili watoto wakafundishwe kutudharau. Mwingine akaongeza ya kuwa wengine wanasoma masomo yasiyowapatia hata mkate. Basi ikatolewa hoja kwamba tangu sasa msaada wapewe wale tu wanaosomea udaktari, uhandisi na ualimu, na wale wa sheria, historia na fasihi wajitafutie wenyewe. Hoja hiyo itapigiwa kura leo. Kabla hamjainua mikono, twaomba mtusikilize.

Halmashauri haikutaka kutoa shauri kwa kubahatisha. Tulikwenda katika nyumba za wazazi, tukazungumza nao na watoto wao. Tutawaeleza habari za nyumba mbili, bila ya kutaja jina la mtu wala la chuo.

Katika nyumba ya kwanza yuko binti anayesoma sheria. Alikuja likizo, na jioni moja baada ya chakula baba yake alikuwa akiwaambia wanawe wa kiume jinsi shamba litakavyogawanywa atakapoondoka duniani. Binti akauliza kwa adabu, "Baba, na mimi je?" Wote wakacheka. Yeye hakucheka, bali alieleza aliyojifunza. Baba alikasirika, akasema ya kuwa chuo kimemharibia mtoto, na muhula uliofuata akakataa kulipa karo.

Tuliyachunguza maneno ya binti yule. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haikumtenga mtoto wa kike na mtoto wa kiume. Katiba ya mwaka 2010 nayo inataka ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke ukomeshwe katika mambo ya ardhi. Wenzetu Waislamu wana hukumu zao za mirathi mbele ya Kadhi, na hapo pia binti ana fungu lake. Basi binti hakufundishwa dharau. Alifundishwa sheria ya nchi anayoishi baba yake.

Hatusemi ya kuwa neno lile halikuuma. Baadhi yetu tulio katika Halmashauri tuna mashamba na tuna mabinti, na tuliposikia habari ile tulinyamaza kwa muda. Lakini neno kuuma si dalili ya kuwa ni uongo.

Katika nyumba ya pili yuko mama mjane. Aliuza ng'ombe wawili, mwanawe akaenda mjini kujifunza kazi ya maabara ya hospitali. Kijana huyu hakumkosea mtu. Kila likizo aliamkia wazee, akachunga mifugo, akaenda kanisani na mamaye. Sote tulimsifu. Baada ya miaka 3 alirudi na cheti, akaenda kuomba leseni ya kazi. Akaambiwa ya kuwa mafunzo aliyopata hayakukubaliwa na bodi inayosimamia kazi hiyo, kwa hiyo hawezi kuandikishwa. Miaka imekwisha, na ng'ombe hawarudi zizini.

Ndugu zetu, tazameni jambo hili. Chuo kilichomfundisha binti ukweli tulikikemea katika mkutano wa hadhara. Kile kilichotwaa fedha za mjane hatukukiandikia hata barua moja. Wala si kwa ubaya wa moyo. Ni kwa kuwa tumezoea kupima masomo ya mtoto kwa jinsi anavyotusalimu arudipo, na hatujazoea kuuliza anasoma nini, kwa nani, na kwa idhini gani.

Mashaka ya wazazi juu ya masomo si mambo mapya katika nchi hii. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, ikashauri ya kuwa elimu ya Mwafrika ielekezwe zaidi kwenye kilimo, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Wazee wengi wa siku zile walishuku shauri hilo. Jembe walikuwa nalo tangu zamani. Walichokitaka ni vitabu na lugha ya ofisini, ili wana wao wasibaki chini daima. Hawakuwatoa watoto shuleni kwa hasira na kukaa. Baadhi yao walichanga fedha, wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha waalimu huko Githunguri chini ya Bwana Mbiyu Koinange. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, lakini kazi ya wazee wale haikusahauliwa.

Hata vyuo vyenyewe vimebadilika kwa kuulizwa maswali. Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo; kufikia mwaka 1949 ilikuwa chuo kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha London katika kutoa digrii. Jijini Nairobi, mwaka 1968, waalimu watatu, yaani Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o, waliuliza kwa nini fasihi ya Kiingereza iwe ndiyo kitovu cha masomo katika chuo cha Waafrika. Walitaka fasihi ya Afrika, pamoja na hadithi na nyimbo za wazee, iwekwe mahali pa kwanza. Kumbe hata masomo ya fasihi, ambayo leo twataka kuyanyima karo, ndiyo yaliyokifundisha chuo kuyaheshimu maneno ya babu zetu!

Juu ya mkate, hatutawadanganya. Kazi ni chache, na kijana wa fasihi hutafuta kwa taabu. Lakini wako wahandisi na waalimu wengi nao wanaotembea na vyeti mifukoni. Jina la somo peke yake si ahadi ya kazi. Lililo la haki ni mtoto aambiwe mapema hali ilivyo, achague akijua, na mzazi naye ajue.

Juu ya kiburi na ulevi, ni kweli wako watoto waliorudi na mambo hayo. Lakini hayamo katika orodha ya masomo ya chuo chochote. Mtoto huyapata nje ya darasa, hasa yule ambaye mzazi wake humtumia fedha kwa simu na hamwulizi neno jingine mpaka muhula uishe. Hapo hatuna budi kujilaumu sisi wenyewe kwanza.

Kwa sababu hizo, Halmashauri yawaomba mkatae hoja iliyo mbele yenu, na mahali pake mkubali mambo matatu.

La kwanza, karo isilipwe na chama kabla ya kuhakikisha ya kuwa masomo yamekubaliwa. Kwa masomo ya digrii tuulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa vyuo vya ufundi tuulize mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Na ikiwa kazi ina bodi yake, kama vile uuguzi, uhandisi au maabara, bodi hiyo nayo iulizwe. Mwandishi wa chama yu tayari kuandika barua kwa niaba ya mzazi yeyote asiyejua pa kuanzia.

La pili, kila mzazi ajitahidi kufika chuoni walau mara moja, akaone darasa na malazi. Mtoto aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria, na chuo huzungumza naye yeye kwanza. Basi mzazi aende pamoja naye, wala asiende kama mpelelezi.

La tatu, kila apataye msaada wetu aje mbele ya wazee mara moja kwa mwaka, aeleze alichojifunza kwa lugha ambayo bibi yake ataifahamu. Wazee wamwulize, naye awaulize. Akishindwa kueleza, tutajua hakusoma. Nasi tukishindwa kumjibu, tusione haya, maana kuuliza si ujinga.

Katika habari za nyumba ya kwanza liko neno moja lililobaki. Baba yule hajaligawa shamba. Lakini mwezi uliopita alitujia, akatuambia tusilifute jina la binti yake katika orodha ya msaada, kwa kuwa anataka amalize. Alipoulizwa kama hasira imekwisha, alijibu ya kuwa haijakwisha, ila amefikiri ya kuwa siku akidhulumiwa mpaka wa shamba lake atahitaji mtu wa kumsemea, na ni heri mtu huyo awe wa nyumbani mwake.

Kwa nyumba ya pili, barua kwa chuo kile na kwa bodi zimekwisha kuandikwa, ijapokuwa zimechelewa. Majibu yakija mtayasikia.

Wazee wetu, twawaachia shauri hili. Mungu awajalie hekima katika kura yenu, na awalinde watoto wetu huko waliko.

Sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama