Mtihani ni Mizani

Somo letu la leo ni juu ya mtihani, na juu ya swali hili: mtoto akishindwa kusoma, nani aulizwe?

Mtihani ni mizani. Mkulima apimapo gunia lake hujua uzito wake, lakini mizani haiongezi hata kibaba kimoja. Vivyo hivyo mtihani hauongezi elimu. Huonyesha tu iliyopo. Faida huja pale matokeo yanapofanyiwa kazi.

Tutazame Uingereza. Mwaka 1862 serikali ya huko iliweka kanuni kwamba msaada wa fedha kwa shule utategemea mahudhurio ya watoto, na jinsi watakavyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Nia ilikuwa kuzuia fedha zisipotee bure. Ikawaje? Watoto wengi walikaririshwa kitabu kile kile mwaka mzima, hata wakaweza kukisema bila kukitazama, wala hawajui maana yake. Masomo yasiyolipiwa yaliachwa nyuma. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliupinga sana utaratibu huo. Ulilegezwa kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1897 ulikuwa umekwisha.

Sasa turudi kwetu Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika uchunguzi katika shule za msingi 350, darasa la 1 hadi la 3. Shule 70 zilipewa fedha za matumizi, shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Katika shule nyingine 70, walimu waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayefaulu. Shule 70 zaidi zilipata yote mawili. Zilizosalia 140 hazikupewa kitu, ili ziwe za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, watoto wa shule zilizopewa fedha tu hawakuwazidi wale wa shule zisizopewa kitu. Tuzo peke yake ilileta maendeleo madogo, yasiyo thabiti. Shule zilizopata yote mawili ndizo zilizosonga mbele waziwazi.

Basi, kumdai mwalimu matokeo bila vifaa ni kumtuma mtu maji bila kumpa ndoo. Na kutoa vifaa bila kuuliza matokeo ni kununua ndoo na kuitundika ukutani.

Nawe mzazi, usingoje mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hapo umechelewa. Mtoto akiwa darasa la 2, mpe hadithi fupi ambayo hajapata kuiona. Aisome, kisha akueleze maana yake. Akishindwa, nenda kwa mwalimu wake kwa adabu, mshauriane.

Na katika mkutano wa shule uliza maswali matatu. Watoto wangapi hawajui kusoma? Wamepangiwa msaada gani, na nani? Shule imepungukiwa nini? Swali hili la tatu halimhusu mwalimu peke yake. Jibu lake ni deni letu sote.