Mtoto Huyu Amefika Wapi? Mhadhara kuhusu wanaoachwa nyuma na shule za Kwale



Mada niliyopewa ni njia mbadala za kumsaidia mwanafunzi anayetatizika. Ningeweza kuipitia kwa utulivu, njia baada ya njia, kama mtu anayesoma orodha ya mahari. Lakini katika kongamano moja la elimu hapa Pwani, mtafiti ninayemheshimu alisimama akasema kwamba watoto wa Kwale wanashindwa shuleni kwa sababu ya madrasa. Zinawamalizia muda, alisema, zinawazoesha kukariri pasi na kuelewa, na zinawachanganya lugha. Dawa yake ilikuwa fupi: madrasa zisukumwe hadi wikendi, na mtoto ambaye hata hapo haelewi apelekwe akashike nyundo. Ukumbi ulimpigia makofi. Usiku huu nataka kumjibu, na mtanisamehe nikikawia.

Historia mnaijua: ripoti ya Ominde 1964, ripoti ya Gachathi 1976, mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, elimu ya msingi bila malipo 2003, mtaala wa umilisi 2017, mtihani wa mwisho wa KCPE 2023. Ninalohitaji ni jambo moja tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa au kufukuzwa shule. Ni sheria yenye huruma, nami naiunga mkono. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto hupanda kila Januari, awe anasoma au hasomi. Watafiti wa Uwezo, walioanza kuwapima watoto wa Kenya mwaka 2009 na baadaye wa Tanzania na Uganda, walirudia ripoti baada ya ripoti kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawaiwezi kazi ya darasa la pili. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la sita anakuwa amekaa miaka minne akisikiliza mambo yasiyomhusu. Haachi shule kwa uvivu. Shule ilimwacha zamani, yeye anamalizia tu.

Sasa nije kwa ndugu yangu yule mtafiti. Hoja ya muda ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyopigiwa makofi mengi zaidi. Ikiwa saa za madrasa ndizo zinazomwangusha mtoto, basi Kinango, ambako Waduruma wengi si Waislamu na madrasa ni haba, ingekuwa inaipita Matuga na Msambweni kielimu. Nani hapa atathubutu kusema hivyo? Kule muda wa mtoto unaliwa na ukame, mitungi ya maji, na maili za kutembea hadi darasani. Ukanda wa Diani na Ukunda, muda huo unaliwa na msimu wa watalii, na vijisenti vya ufuoni ambavyo mvulana wa miaka kumi na minne huvipata vingi zaidi kwa siku moja kuliko babake mvuvi. Ongezeni bodaboda. Machifu wataongeza disko matanga, nami siwapingi. Halafu ajabu ni hii: wanaolalamikia saa moja na nusu ya alasiri madrasani ndio walewale wanaowalipia watoto wao tuisheni hadi usiku. Kumbe tatizo si saa. Tatizo ni saa za nani.

Hoja ya pili, kukariri, inahitaji jibu la mtu aliyekaa chuoni, na nasema chuoni kwa maana wanayoielewa watu wa Gazi na Shimoni, yaani madrasani. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi upande wa Msambweni, nilimkuta mvulana wa darasa la saba aliyekuwa amewekwa dawati la nyuma kabisa. Mwalimu wake alinieleza hali yake kwa nambari moja: nafasi yake katika mtihani wa mwisho wa muhula, ambayo ilikuwa ya mwisho. Alasiri nilipita kwenye chuo cha kijiji hicho, nikamwona mvulana yuleyule akiwasikiliza wadogo, akiwasahihisha, kidole juu ya ubao. Nikamwuliza maalimu: huyu anaendeleaje? Yule mzee hakunipa nambari. Alifungua juzuu, akaweka kijiti chake kwenye mstari, akasema, “Amefika hapa.”

Nimesoma vitabu vingi vya ualimu tangu siku ile, na sijapata swali bora la tathmini kuliko lile alilolijibu yule mzee. Chuo cha Pwani hakina darasa la kupanda. Kila mtoto ana mahali pake. Wa miaka sita na wa miaka kumi na tatu wanaketi jamvi moja, kila mmoja na mstari wake, na akishindwa leo atarudi palepale kesho bila kutangazwa. Aliyetangulia humfundisha anayefuata. Huko India, shirika la Pratham limepata sifa duniani kwa kuwapanga watoto kwa kiwango chao badala ya umri wao. Na kwetu Kenya, utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer katika shule 121 za magharibi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kiwango walichofikia, waliokuwa chini na waliokuwa juu wote walinufaika. Yule mzee wa Msambweni hangeshangaa.

Mtaniambia: mtoto anatamka Kiarabu asichokielewa. Kweli. Lakini tazameni anachokifanya. Anakata herufi kwa fataha, kisra na dhuma, ba, bi, bu, mpaka ajue kwamba alama ni sauti, na sauti zikishikana huwa neno. Huo ndio ujuzi anaoukosa mtoto asiyejua kusoma. Na Kiswahili, kwa bahati yetu, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyekwisha kukata irabu yuko hatua chache tu kutoka ukurasa wa hadithi ya Kiswahili. Hakuna anayemvusha hatua hizo, kwa sababu shule haijui kwamba anazijua herufi zozote.

Hoja ya tatu ni lugha, na hapa niruhusuni nikae, kwa sababu kuna utafiti ninaoupenda kupita kiasi. Wanafunzi wangu wameuchoka. Katikati ya miaka ya 1990, huko Busia, shirika la Kidachi lilitoa vitabu vya kiada katika shule ambazo mtoto alizoea kukosa kitabu. Shule zilichaguliwa kwa kura, ili zile zilizopata zilinganishwe na zile zilizokuwa bado zinangoja. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichapisha matokeo mwaka 2009. Kila mtu alitarajia alama zipande. Hazikupanda. Wastani ulibaki palepale. Walipochambua zaidi wakakuta kwamba kuna watoto walionufaika: wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Waliobaki nyuma hawakupata kitu, na sababu mojawapo waandishi waliitaja waziwazi: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na mtaala wenyewe ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha watoto wa wachache.

Fikirini maana yake. Huko Busia, kwa wengi wa watoto wale, hakuna madrasa ya kulaumiwa. Lakini mtoto aliachwa nyuma vilevile, na msaada ulipokuja ukampita juu ya kichwa ukaenda kwa aliyekwisha kusaidika. Sasa mlete mtoto huyo Kwale: nyumbani Kidigo au Kiduruma, mtaani Kiswahili, chuoni sauti za Kiarabu, darasani Kiingereza. Sera imesema tangu Gachathi kwamba miaka ya kwanza afundishwe kwa lugha ya mahali alipo. Ingieni darasa la pili lolote mji wa Ukunda mkasikilize. Katika lugha hizo nne, inayomwangusha ni ile inayobeba mtihani, nayo haikuletwa na maalimu.

Nimpe mwenzangu haki yake. Chuoni kuna fimbo, na sheria inayoikataza shuleni haifai kusimama nje ya mlango wa madrasa. Wasichana wakubwa huondolewa mapema. Walimu wengi wa madrasa hawana mafunzo wala mshahara wa maana. Tena tangu miaka ya mashambulizi ya Al-Shabaab, vyuo vya Pwani vimetazamwa kwa jicho la polisi, na mzee anayehojiwa mara kwa mara hawezi kuufungua mlango wake kwa furaha kila afisa wa elimu akibisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwakemea Waislamu wa Pwani katika gazeti lake la Al-Islah, miaka ya 1930, kwa kuipuuza elimu ya kisasa. Hakuwa na subira na wavivu wa dini. Lakini hakuwaambia wafunge vyuo.

Haya, nyundo. Baraza la Wakristo lilipotoa ripoti yake ya mwaka 1966 kuhusu vijana wanaomaliza shule bila pa kwenda, ndipo politekniki za vijiji zilipozaliwa, na wazo lilikuwa zuri. Mwaka mmoja kabla, Philip Foster alikuwa amekwisha kuandika kuhusu Ghana kwamba kijana haendi kwenye ufundi kwa sababu umemfungulia karakana. Anatazama kazi inakolipa. Foster alidhihakiwa sana, lakini kwa hili alikuwa sahihi. Hapa Mombasa, MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyokusudiwa kuwafunza vijana ufundi, ilikuja kuwa Politekniki ya Mombasa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi. Watu waliigeuza njia ya pembeni kuwa barabara kuu. Mimi sina ugomvi na useremala wala umeme. Nina ugomvi na kumpeleka huko mtoto kwa sababu hawezi kusoma. Fundi wa leo husoma vipimo, mikataba na maelekezo ya mitambo. Migodi ya Base Titanium ilipofungwa Desemba 2024, aliyeondoka na cheti na uwezo wa kukisoma alikuwa na pa kubisha hodi. Asiyejua kusoma, karakana haimfundishi kusoma.

Njia nyingine rasmi zipo. Kuna kituo cha tathmini, EARC, kilichobuniwa kwa msaada wa Denmark mwaka 1984, cha kuwapima watoto wenye ulemavu na ugumu wa kujifunza. Mzazi ambaye mtoto wake hasikii vizuri au haoni ubao aanzie huko. Kuna mwongozo wa mwaka 2020 wa kuwarudisha shuleni walioacha, wakiwemo wasichana waliojifungua. Mwalimu mkuu asiyeujua aulizwe. Kuna basari, na mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa umewafikisha watoto wetu wengi shule za kitaifa. Lakini hao ni waliofaulu. Ni vitabu vya Busia tena.

Anayetatizika yuko wapi katika sheria? Nimekisoma kifungu cha 28 cha Sheria ya 2013 mara nyingi. Kinamtaka waziri aanzishe vituo vya kuwavusha watoto wanaotoka duksi, yaani vyuo vya Kurani, na madrasa kuingia shule rasmi. Daraja limechorwa, lakini lina upande mmoja tu. Mtunga sheria alimwona mtoto wa madrasa anayehitaji shule; hakumwona mtoto wa shule anayehitaji alasiri ya madrasa. Na Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti chekechea na politekniki za vijiji. Kwa hiyo gavana ana mtoto wa miaka mitano na kijana wa karakana. Yule wa miaka kumi na miwili aliyekwama kwenye silabi ni wa Nairobi. Lakini kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi mbili za serikali kukabidhiana kazi kwa makubaliano. Kizuizi si Katiba.

Wala kuunganisha chuo na shule si jambo jipya kwetu. Viongozi wa Waislamu wa Pwani waliomba msaada wa Aga Khan mwaka 1982, na mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianzisha Mombasa chekechea ya kwanza ya madrasa, dini na hesabu chini ya paa moja. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Tulikubali kwa watoto wa miaka minne. Kwa nini tunashtuka kwa wa kumi na miwili?

Ninachokipendekeza ni hiki. Kuanzia Gazi hadi Vanga, madrasa zinazokubali zipewe kijana mmoja aliyemaliza sekondari, afunzwe, alipwe na kaunti. Baada ya alasiri, saa moja, hadithi za Kiswahili na hesabu, kila mtoto kwa mstari wake, bila fimbo, wasichana kwa wavulana. Kinango, ambako madrasa ni chache, tutumie madarasa ya chekechea ya kaunti, ambayo watoto wake huondoka mchana. Ukifika wakati wa kupima, tusipime darasani. Uwezo walipima majumbani, nasi tufanye vivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, tukiwauliza pia walioacha shule, maana tukihesabu waliobaki darasani tu, tutajipongeza kwa kuwasaidia wale ambao hawakuwahi kutuhitaji.