Miriam Makeba na Woga wa Makaburu

Mwimbaji na mwigizaji mashuhuri, Miriam Makeba, alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 4 Machi, 1932. Hakuwa ametimiza majuma matatu alipoingia gerezani. Mama yake alikamatwa na polisi kwa kupika pombe ya kienyeji, akafungwa miezi sita, na mtoto mchanga akafungwa pamoja naye.

Katika miaka ya 1950 Makeba alipata sifa akiimba na kundi la Manhattan Brothers. Mwaka 1959 aliigiza katika mchezo wa muziki uitwao King Kong. Mwaka huo huo ilionyeshwa filamu ya Come Back, Africa, ambayo Mmarekani Lionel Rogosin aliipiga kwa siri ili kufichua dhiki za Waafrika. Sehemu ya Makeba ilikuwa fupi, lakini ilimfikisha Venice, Italia, na hatimaye Marekani.

Tarehe 21 Machi, 1960, huko Sharpeville, polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha waliopinga sheria ya pasi, wakawaua watu wasiopungua 69. Mwaka huo mama yake Makeba alifariki. Alipotaka kurudi kumzika, alikuta pasipoti yake imefutwa. Hakunyamaza. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi. Pretoria ikapiga marufuku sahani zake za santuri na kumnyang'anya uraia.

Ndugu wasikilizaji, hapa lipo swali kwa kila mtu aliyekabidhiwa bunduki. Serikali ile ilikuwa na vifaru, ndege za kivita na magereza. Kwa nini basi ilimwogopa mwanamke mwenye kipaza sauti tu? Iliogopa kwa sababu alisema kweli, na silaha haiwezi kuugeuza uongo ukawa kweli. Sheria isiyo na haki humfanya askari kuwa adui wa watu anaopaswa kuwalinda.

Mwaka 1968 Makeba aliolewa na Stokely Carmichael, mtetezi wa haki za watu weusi, na mikataba yake mingi huko Marekani ikavunjwa. Guinea ya Rais Ahmed Sékou Touré ilimpokea, ikamtuma Umoja wa Mataifa akiwa mjumbe wake. Popote alipokwenda aliimba kwa lugha za Afrika, hata wimbo wetu wa Kiswahili, Malaika.

Alirudi nyumbani Juni 1990, baada ya miaka 31. Mwaka 1992 aliigiza kama mama katika filamu ya Sarafina!, inayohusu wanafunzi wa Soweto.

Usiku wa tarehe 9 Novemba, 2008, huko Castel Volturno, Italia, aliimba katika tamasha la kumuunga mkono Roberto Saviano, mwandishi anayelindwa na polisi kwa kuwa alifichua maovu ya majambazi wa Camorra. Muda mfupi baada ya kuimba, alianguka, na uhai wake ukakoma.

Alipozaliwa, polisi walimfunga mama yake kwa chungu cha pombe. Alipokufa, alikuwa akimwimbia mtu ambaye polisi walimlinda kwa kusema kweli. Kazi zote mbili zilifanywa na watu waliovaa sare. Kilichozitofautisha ni haki.