Uliza Tarehe Kwanza

(Maneno tuliyowaambia wenzetu wanaojitolea, siku ya kuanza mafunzo ya washauri, Bombolulu)

Tunashukuru kwamba mmeacha vibanda vyenu, cherehani zenu na usingizi wa mchana, mkaja kukaa nasi.

Wengine mmeuliza kama kuna mshahara. Hakuna. Nauli nayo mara nyingi itatoka mfukoni mwako. Na anayekuja na shida yake hatumtozi hata shilingi, wala hatupokei "chai". Siku mshauri akipokea chai, asiye nacho ataogopa kuja. Tena hatuulizi mtu anasali wapi.

Kazi hii haikuanza nasi. Kituo cha Sheria kilianza Nairobi mwaka 1973, mawakili wakijitolea kuwasaidia wasiojiweza, na baadaye kikafungua ofisi hapa Mombasa. Katiba ya 2010 yasema kila mtu apate haki, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikawatambua wasaidizi wa sheria waliopata mafunzo na kibali. Lakini tuelewane: sisi si mawakili. Tunaeleza sheria, tunasaidia kuandika barua, tunamsindikiza mtu ofisini. Kusimama mahakamani badala yake hatuwezi.

Sasa tutawaambia kosa letu wenyewe, maana humo mtajifunza zaidi kuliko katika sifa zetu.

Alikuja mzee mmoja, mlinzi wa usiku. Alikuwa ameachishwa kazi kwa maneno ya mdomo tu: "Kesho usije." Alipofika kwetu alikuwa amekwisha kuzungushwa muda mrefu. Tulimsikiliza, tukamhurumia, tukamwandikia mwajiri barua. Jibu likaja kwa upole: aje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukazaa mwisho wa mwezi mwingine. Nasi tukawa tunamwambia, "Mzee, vumilia, si wameahidi?"

Hatimaye tukampeleka kwa wakili. Swali la kwanza la wakili: "Uliachishwa lini?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika tarehe. Mzee akakumbuka kwa Ramadhani, tukahesabu, tukaona miaka mitatu imepita na wiki chache juu yake. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yataka dai kama lile lifike mahakamani ndani ya miaka 3. Wakili akafunga faili. Mzee hakutukasirikia. Alisema, "Asanteni wanangu, mmejaribu," akaenda zake. Afadhali angetutukana.

Basi mafunzo yenu yatajengwa juu ya mambo haya:

1. Sikiliza mpaka mwisho. Usimkate mtu maneno kwa kuwa kisa chake kinafanana na cha jana. Mara nyingi shida yenyewe huja mwishoni, akishainuka aende.

2. Uliza tarehe, uiandike palepale. Malalamiko ya kufukuzwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3, na kesi mahakamani ndani ya miaka 3. Kuongea na mwajiri hakusimamishi siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.

3. Uliza karatasi. Barua, kitambulisho cha kazi, ujumbe wa malipo kwenye simu, vyote ni ushahidi. Hapa kwetu wengi ni vibarua, na huambiwa ati kibarua hana haki. Si kweli. Aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, sheria humhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, naye anastahili notisi ya siku 28.

4. Usimwamulie. Hapa Pwani mtu aweza kuwa na nyumba bila ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja. Mama kama huyo akija analia kwamba mwenye ardhi anataka kumwondoa, usikimbilie kumwambia "pigana naye" wala "hama". Mweleze njia zilizopo na hatari ya kila moja, kisha achague. Wewe jioni unarudi kwako. Yeye ndiye atakayeamka ndani ya nyumba ile.

5. Usipojua, sema hujui. Kisha umpeleke kwa anayejua: afisa wa kazi, idara ya watoto, wakili. Mshauri anayebahatisha ni hatari kuliko asiyekuwapo.

6. Funga mdomo. Ya mezani yabaki mezani, yasifike kwenye matatu wala kwenye mfereji wa maji.

Jambo moja dogo. Mtaa wetu umejulikana tangu 1969 kwa karakana za watu wenye ulemavu. Popote mtakapoweka meza yenu, angalieni kama mwenye magongo au baiskeli ya magurudumu matatu ataifikia. Ushauri wa ghorofani si wa wote.

Hatuwaahidi kwamba mtashinda kila shauri. Wengine watakuja wamechelewa, nanyi itawabidi kuwaambia ukweli huo uso kwa uso. Lakini asichelewe mtu mikononi mwetu.

Leo kila mmoja atapewa daftari na kalamu. Kabla ya jina, kabla ya kisa, safu ya kwanza ni ya tarehe. Tusaidieni tusiiache wazi tena.