Kusema Kabla Mpango Haujafungwa
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ndugu wanachama wote wa Kitui na Makueni mlio hapa Mombasa:

Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si desturi yake kusimama na kutoa yake mwenyewe. Lakini Kamati imeniagiza niwaeleze jinsi serikali za kaunti zetu mbili zinavyopanga maendeleo, na jinsi mwananchi anavyoulizwa shauri kabla ya mpango kukatwa. Nitaanza na habari ambayo wengi wenu mnaijua, nayo haitatupendeza.

Mnakumbuka kile chumba cha kujifungulia tulichokijenga kando ya zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kitui. Tulichanga kwa miaka miwili. Hesabu zake zimo katika vitabu vya chama, na hakuna shilingi iliyopotea. Kuta zilisimama, mabati yakaezekwa, na mmoja wa wazee wetu akasafiri kwenda kukifungua kwa sala. Hata hivyo chumba kile hakikupata muuguzi wala kitanda. Mwezi wa Oktoba niliiandikia barua ofisi iliyohusika. Nilijibiwa kwa adabu kwamba muuguzi hawezi kupelekwa, wala kitanda kununuliwa, kwa ajili ya jengo lisilokuwamo katika mpango wa mwaka. Na mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuwasilishwa mwezi uliotangulia.

Mwaka huohuo mama mmoja wa kijiji kile alipakiwa kwenye pikipiki usiku kupelekwa hospitali ya mbali, akajifungua kando ya njia. Tunamshukuru Mungu kwamba mama na mtoto wako hai. Lakini chumba chetu, kilichokuwa hatua chache tu kutoka nyumbani kwake, usiku ule kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ndani mlikuwa na magunia ya mahindi.

Nilipokwenda likizo nilitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Nikaambiwa kwamba mkutano wa wadi ulifanyika katika shule ya msingi, na watu wetu walihudhuria, wakaomba barabara na silanga. Nikawauliza, "Mbona hamkuomba muuguzi?" Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, sisi tulijua mambo ya chumba kile ni yenu nyinyi wa Mombasa."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma. Mchango wetu, tulioutoa kwa moyo mwema, uliwafanya wenye haja wanyamaze mahali palipostahili kusemwa. Na karani wenu akaandika barua baada ya mlango kufungwa. Sehemu ya kosa hilo ni yangu. Ndiyo sababu nilijitia kuzisoma sheria na kuuliza waliozijua, na leo nawaletea niliyoyapata.

Kupangiwa mambo bila kuulizwa si jambo geni katika Ukambani. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliazimia kupunguza mifugo kwa nguvu katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka wa 1992. Kwamba ardhi ilikuwa ikimomonyoka ni kweli. Lakini wenye ng'ombe hawakuulizwa shauri. Mwezi wa Julai watu zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwapunguza mifugo kwa nguvu. Tena katika miaka ya 1950 matuta yalichimbwa kwa wingi na vikundi vya mwethya, ambavyo watu walijichagulia viongozi wao wenyewe. Kitabu cha utafiti kilichochapishwa mwaka wa 1994 kilionyesha kwamba watu wa nchi ile waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1932 na 1990, na hata hivyo ardhi ikawa imehifadhiwa vizuri kuliko zamani. Kazi ni ileile ya kuokoa udongo: iliyoletwa kwa amri ilikataliwa, na iliyopita katika mwethya ikadumu.

Siku zile mabaraza ya wilaya yalikuwako, lakini mwenyekiti wake alikuwa D.C., na neno la mwisho halikuwa la mwananchi. Baada ya uhuru zilifuata halmashauri zetu, nazo zikakoma mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Katiba hiyo, pamoja na Sheria ya Serikali za Kaunti na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, zote mbili za mwaka wa 2012, zinaamuru kwamba wananchi washirikishwe katika mipango na katika matumizi ya fedha. Kwa hiyo tunapoulizwa shauri, hatufanyiwi hisani. Tunapewa haki yetu.

Sasa nieleze taratibu zenyewe, nanyi mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo tulipojikwaa.

Kwanza kuna Mpango wa Miaka Mitano. Kaunti haiwezi kutumia fedha za umma pasipo mpango uliopitishwa na Bunge la Kaunti. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili wa 2018 hadi 2022, na wa tatu ni wa 2023 hadi 2027. Katika huo hukatwa Mpango wa Mwaka, ambao sharti ufikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Ifikapo mwisho wa Februari hutolewa waraka unaoonyesha kila idara itapata fungu gani. Mwisho wa Aprili makadirio ya matumizi hupelekwa Bungeni, na kabla ya Juni kwisha hupitishwa, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Mnaona basi kwamba anayetaka muuguzi mwezi wa Julai sharti awe amesema kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Mimi niliandika Oktoba. Nilichelewa majuma machache, na majuma hayo yakawa mwaka mzima.

Pili, lazima tujue mlango wa kubisha. Zahanati, maji ya vijijini, masoko, barabara ndogo na shule za chekechea ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ni kazi za serikali ya kitaifa. Hata Bwawa la Thwake, lililo karibu na mpaka wa kaunti zetu mbili, ni mradi wa serikali ya kitaifa. Mara nyingi watu wetu husimama katika mkutano wa kaunti wakalalamikia mwalimu wa sekondari. Husikilizwa kwa heshima, lakini siku yao imepotea.

Tatu, kaunti zetu hazifanani katika kukusanya maneno ya watu. Kitui ni nchi pana, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika hesabu ya mwaka wa 2019 ilikuwa na watu 1,136,187. Ina wadi 40, na chini yake vijiji 247. Kijiji cha kiserikali kwa hiyo si kijiji cha jamaa wanaojuana. Ni eneo kubwa, na mtu hutembea mbali kuufikia mkutano. Makueni, yenye wadi 30 na watu 987,653 katika hesabu ileile, iliamua wakati wa Gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, kuanzia chini kabisa, katika vijiji zaidi ya 3,000. Kijiji huchagua haja zake, kisha wajumbe wake huzipeleka katika kundi la vijiji, kutoka hapo katika wadi, mpaka zifike kaunti nzima. Na mradi ukianza huchaguliwa kamati ya wenyeji kuusimamia, nayo hutakiwa kukubali kazi kabla ya mwenye kandarasi kulipwa. Jambo hili la mwisho nalisifu sana, kwa kuwa kuulizwa shauri mwanzoni peke yake hakutoshi. Aliyesema katika mkutano ndiye afaaye kutazama kama saruji imetosha.

Nisije nikaisifu Makueni kupita kiasi. Mwaka wa 2014 Gavana na Bunge la Kaunti waligombana juu ya bajeti hata risasi zikafyatuliwa huko Wote mwezi wa Septemba. Wananchi waliomba kaunti ivunjwe, tume ikaundwa kuchunguza, na mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Mpango mzuri unaweza kusimama ikiwa wakubwa hawasikilizani.

Najua pia kwamba baadhi ya wazee wanasema, "Mikutano hiyo ni ya kutia sahihi na kunywa soda; mambo yamekwisha kuamuliwa ofisini." Siwezi kuwakanusha kabisa. Mimi mwenyewe nimekaa katika mkutano ambao karatasi ya mahudhurio ilizunguka mapema kuliko karatasi ya mpango. Lakini nawaombeni mkumbuke shauri la Kiambu. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti ile ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji Odunga alionyesha wazi kwamba kuwashirikisha watu si kutimiza desturi tu. Waliopeleka shauri lile mahakamani hawakunyamaza. Je, sisi tuna karatasi gani ya kuonyesha? Mtu aliyekaa nyumbani hawezi kushuhudia kwamba hakusikilizwa.

Kuna ukweli mwingine ambao sharti tuukubali. Kuulizwa si kupewa. Fedha ni chache kuliko haja, na sehemu kubwa huenda katika mishahara. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwekwe kwa maendeleo, na hiyo hugawanywa kwa wadi zote. Ikiwa sisi tumeomba zahanati na wenzetu wa wadi jirani wameomba maji, huenda maji yakatangulia, na mwenye kiu hatuwezi kumlaumu. Tunachoweza kudai ni kuelezwa sababu, na kuambiwa zamu yetu ni lini.

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini ya Kamati, naweka mbele ya mkutano huu maazimio manne.

La kwanza: tarehe nilizozitaja ziandikwe katika ukurasa wa mbele wa kitabu cha kumbukumbu za chama, na kila mwaka mwezi wa Juni karani aulizwe mbele ya Kamati amefanya nini. Akiwa hana jibu, alaumiwe yeye.

La pili: chama kisichangishe tena fedha kwa jengo lolote la nyumbani kabla ya kuuliza kama limo katika mpango wa kaunti, na kabla ya kupata jibu la maandishi kuhusu nani atalihudumia. Nyumba isiyokuwamo katika mpango ni kama mtoto asiye na wazazi. Kila mtu humhurumia na hakuna anayemlisha.

La tatu: kila tarafa tunayotoka ichague watu wawili waishio nyumbani, mmoja mzee na mmoja mama au kijana, wahudhurie mikutano ya kijiji na ya wadi kwa niaba yetu. Chama kiwalipie nauli. Tukihesabu bei ya mabati na misumari ya kile chumba, tutaona kwamba nauli ya watu hao kwa miaka mingi ni kidogo. Wapeleke haja iliyoandikwa, wachukue nakala iliyopigwa muhuri, nao watuletee habari. Na mmoja wenu, wazee, asidhani kwamba amepitwa na mambo haya. Katika lile Baraza la Bajeti na Uchumi ambalo sheria inaiamuru kila kaunti iwe nalo, wazee wametajwa kuwa na mwakilishi wao.

La nne linahusu kile chumba chenyewe. Nimeandika ombi la muuguzi mmoja, kitanda kimoja na tangi la maji. Sheria inampa kila mwananchi haki ya kuipelekea serikali ya kaunti ombi lake juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Halikuandikwa kwa jina la chama cha Mombasa. Liliandikwa kwa jina la watu wa kijiji kile, na wao wenyewe wametia sahihi. Wa kwanza katika orodha ni yule mama aliyejifungulia njiani. Naomba mkutano huu uliunge mkono, ili lifikishwe Kitui kabla ya Agosti kwisha.

Mpango wa tatu utakapomalizika mwaka wa 2027, mwingine utaandaliwa, nao utatawala miaka mitano ya watoto wetu. Nisingependa karani atakayenifuata asimame hapa kuwasomea habari ya kufuli nyingine.

Hayo ndiyo niliyoagizwa kuyasema. Yaliyobaki ni shauri lenu, wazee.