Uchungu wa Jani Dogo



Bibi mmoja wa kigango alitujia baada ya misa, amemshika mkono mjukuu wake aliyevimba taya. Kwa majuma matatu mtoto huyo alikuwa akiombewa. Sasa bibi alikuwa na fungu la majani ya vinka, lile ua dogo la waridi lenye petali tano ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba. Alikuwa amesikia kwamba hutibu saratani, akatuuliza achemshe mangapi.

Asili ya ua hilo ni kisiwa cha Madagaska. Huota mchangani na penye mawe, jua likiwaka na mvua ikiwa haba. Mmea hauwezi kumkimbia adui. Na pale ambapo kila jani jipya hupatikana kwa taabu, hujilinda kwa kuyatia majani uchungu, hata mifugo huyakwepa. Uchungu huo ni sumu.

Mwaka 1952 bahasha yenye majani hayo ilifika Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ya kutibu kisukari. Daktari Robert Noble na mwenzake Charles Beer waliwajaribia panya, lakini sukari haikushuka. Walipowadunga maji ya majani hayo, panya wakafa kwa maambukizo, kwa maana chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Sisi labda tungeitupa bahasha. Wao walifikiri juu ya saratani ya damu, ambamo chembe nyeupe huzaliana pasipo kipimo. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Dawa ya pili ya mmea huo, vinkristini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Zote mbili huzuia chembe isigawanyike. Huko Uganda, ambako Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto unaokua haraka mno, vinkristini imo miongoni mwa dawa zinazoutibu. (Wakulima wa Madagaska wamepata sehemu ndogo ya faida yake, hilo lastahili Jumapili yake.)

Lakini jani si dawa. Gramu moja hutoka katika mamia ya kilo ya majani makavu, na daktari hupima kwa miligramu. Ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Ikidungwa katika uti wa mgongo badala ya mshipa wa damu, huua. Je, kikombe cha bibi kingepimwa na nani?

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, humwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Humsifu pia achanganyaye dawa. Hakuyagombanisha mambo hayo. Tuliyoyagombanisha ni sisi. Maana katika majuma yale matatu tulikwenda mara mbili nyumbani kwa bibi, tukasali, tukaaga, wala hatukutamka neno hospitali. Makatekista wenzetu, mtoto akivimba taya au tumbo, tuanze kuuliza siku ile ile amepelekwa wapi.

Mchango ulipitishwa mlangoni mwa kanisa, na kabla ya saa sita nauli ikatimia. Bibi akaondoka na mjukuu wake. Majani aliyaacha kwenye benchi.